Vichwa vya Habari Havigongwi

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili: kwa Kiswahili, vichwa vya habari havigongwi. Nalirudia kwa sababu leo asubuhi, ndani ya daladala, redio imetangaza tena kwamba mwanamuziki fulani "amegonga vichwa vya habari".

Maneno ya Kiingereza yana wenzi wake, yale yanayozoea kuandamana nayo, na "headlines", yaani vichwa vya habari, inao wake. "Make headlines" inaeleza tu kwamba mtu ameandikwa. "Hit the headlines" ina ghafla ndani yake: jana hakuna aliyemjua, leo yuko kila gazeti. "Grab the headlines" ina kuvuta, kwamba macho yalikuwa kwingine, yeye akayanyakua. "Dominate the headlines" inataka siku kadhaa. Habari ya asubuhi moja haijatawala kitu. Ukiandika Kiingereza, zimeze hivyo hivyo, mbilimbili. "Do headlines" haipo, usiitafute.

Sasa mtu anachukua "hit", anafungua kamusi, anakuta gonga. Lakini gonga ina wenzi wake kwetu! Tunagonga mlango, kengele, muhuri. Na kwenye habari je? Mazungumzo yakigonga mwamba, yameshindikana. Ukiniambia mgombea kagonga, sikio langu linasubiri mwamba.

Mwaka juzi niliwatuma wanafunzi sita wakasimame kwenye meza ya magazeti kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Mnaijua meza ile. Magazeti yametandazwa, mengine yamebanwa kambani kwa vibanio vya nguo, watu wameinama wanasoma kurasa za mbele bila kununua, na mwenye meza anawaacha kwa sababu mmoja kati ya kumi atatoa hela. Kazi ilikuwa moja: andikeni kila kinachosemwa juu ya mtu aliyeandikwa. Wakarudi na karatasi zimejaa. "Wamemwanika." "Wamemlipua." "Leo katoka mbele." "Ndiye gumzo la mji." Binti mmoja alikuwa amemsikiliza mzee mwenye baiskeli, aliyetazama picha ya mwanasiasa, akatikisa kichwa, akasema: "Huyu magazeti hayamwachi siku hizi."

Magazeti hayamwachi! Hiyo ndiyo "dominate the headlines", nzima, na siku zake kadhaa ndani. Mzee yule hakuifasiri kutoka popote. Karatasi ya binti yule ninayo mpaka leo, imeandikwa kwa penseli, na nimeshaionyesha kwenye vyumba vya habari zaidi ya kimoja. Kwa saa tatu nzima, watu sita wakisikiliza, hakuna aliyesikia mtu akigonga kichwa cha habari.

Mtaniambia lugha hukua kwa kukopa. Sikatai. "Avunja ukimya" imeingia, imekaa, nami naitumia, maana ukimya kwetu ni kitu kinachoweza kuvunjika. Lakini tazameni "breaking news". Waliotutangulia hawakusema habari inayovunjika. Walisema "habari zilizotufikia hivi punde". Walijiuliza kwanza Mswahili angesemaje, na swali hilo halichukui hata dakika moja. Msiniambie mnabanwa na muda.

Nilitaka kukaa kwenye maneno mafupi ya vichwa vya Kiingereza, "slam" (kushambulia kwa maneno), "axe" (kufukuza au kufuta), "probe" (uchunguzi). Wenzetu wanayapenda kwa sababu herufi ni kubwa na safu ni nyembamba. Sisi tunao ufupi wetu: waziri "amshukia" mkandarasi, kocha "atimuliwa". Neno moja limebeba mhusika, wakati na tendo, tena kwa hasira yake. Hilo lina mhadhara wake, na huku nyuma naona mnatazama saa.

Basi kesho saa kumi na mbili, meza ya magazeti pale nje ya kituo cha mabasi. Njooni na penseli. Msiseme lolote, sikilizeni tu.