Jinsi ya kutengeneza ramani moja ya kitambaa kwa Kifaransa na Jiografia

Hamjambo walimu wenzangu. Karibuni darasani kwangu hapa Kisumu. Wanafunzi wako uwanjani kwa michezo, kwa hiyo tuna utulivu na meza sita nilizoziunganisha pamoja. Leo tunatengeneza kitu kimoja tu: ramani ya kitambaa, urefu mita 1 na nusu, upana mita 1. Inaanzia kisiwa cha Mfangano upande wa magharibi hadi kuvuka Nakuru mashariki, na kutoka Mlima Elgon kaskazini hadi Homa Bay kusini. Asubuhi naitumia kwa Jiografia, alasiri kwa Kifaransa.

Niseme kwanza kwa nini. Kwa miaka mingi nilifundisha maelekezo ya Kifaransa kwa mchoro wa mji wa Ufaransa: kituo cha treni, kanisa, duka la mikate. Mwanafunzi aliyetoka Nyakach akawa anahangaika na mageni mawili kwa mpigo, lugha asiyoijua na mji asioujua. Siku moja nikachora ziwa ubaoni kwa chaki, nikauliza kwa Kifaransa Kisumu iko wapi. Mikono ikainuka hadi safu ya nyuma kabisa. Walikuwa na jibu tayari, kilichobaki ni maneno tu. Ndipo nikaanza kushona.

Tuangalie vifaa. Kitambaa cha amerikani, kile cheupe kisichotiwa rangi. Rangi ya ukuta ya bluu, kijani na kahawia, kopo dogo dogo. Penseli, rula ndefu, uzi mweusi na uzi wa sufu mwekundu. Karatasi za manila. Na vifungo vya shati, kama 30 hivi. Usinunue vifungo, waambie wanafunzi wakate kwenye mashati yaliyochakaa nyumbani. Ongeza kifungo kimoja kikubwa cha koti, nitakuonyesha kazi yake.

Kabla ya kuchora, kitambaa kipakwe uji mwepesi wa unga wa muhogo, vijiko vinne kwa lita moja ya maji, kisha kianikwe juani kikiwa kimenyooshwa. Ukiruka hatua hii rangi itasambaa kama wino kwenye karatasi ya shashi.

Kimekauka? Sasa tupige mistari ya miraba. Mimi nimetumia ramani ya atlasi yenye skeli ya 1:2,000,000, yaani sentimita 1 ni kilomita 20. Juu ya ramani hiyo nimechora miraba ya sentimita 1, kumi na tano kwa kumi. Kwenye kitambaa kila mraba unakuwa wa sentimita 10. Tumekuza mara kumi, kwa hiyo skeli yetu sasa ni 1:200,000, na sentimita 1 ni kilomita 2. Kama atlasi yako ina skeli nyingine, hesabu upya kabla hujagusa penseli. Bora zaidi, wape wanafunzi wahesabu wao, maana hili ndilo swali linalowaangusha kwenye usomaji wa ramani, na hapa wanalifanya kwa mikono yao.

Nakili mraba mmoja mmoja. Usitazame ziwa zima, tazama mstari unaingia wapi kwenye mraba na unatokea wapi. Tuanze na ikweta, iko kama theluthi moja kutoka chini. Inapita Maseno, pale penye alama ya barabarani ambapo kila basi la ziara hupunguza mwendo wapate kupiga picha. Sasa tia alama ya Kisumu: iko sentimita 5 hivi chini ya mstari huo. Ukiona Kisumu yako imeangukia kaskazini mwa ikweta, rudi uhesabu miraba.

Paka ziwa bluu, acha Mfangano, Rusinga na Ndere zibaki nyeupe. Mito ishonwe kwa uzi: Nzoia, Yala, Nyando, Sondu Miriu. Kushona ni polepole kuliko kuchora, lakini mwanafunzi akipitisha kidole kwenye uzi kutoka milimani hadi ziwani, anaukumbuka mto.

Hapa mwalimu wa Jiografia atulie kidogo. Wanafunzi wengi huandika kwenye mtihani kwamba Ziwa Victoria ni ziwa la Bonde la Ufa. Silo. Liko kwenye sinia pana kati ya mikono miwili ya bonde hilo, ndiyo maana kina chake ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika, ambalo ni ziwa la ufa kweli, linapita mita 1,400. Lakini Ghuba ya Winam ni kisa kingine. Ghuba hiyo na tambarare ya Kano zimekaa ndani ya ufa mdogo unaochepuka magharibi kutoka bonde kuu. Kwa hiyo shona uzi mwekundu wa sufu kwenye kuta zake mbili: kaskazini, ule mteremko mkali wa Nandi unaouona ukiwa Ahero, na kusini, mteremko wa Nyabondo. Ukimaliza, simama mbali kidogo. Utaona Kano imelala katikati kama sakafu kati ya kuta mbili, na Mto Nyando unashuka humo. Mwanafunzi hahitaji tena kukariri kwa nini Kano hufurika.

Kile kifungo cha koti ni Menengai, juu ya Nakuru. Kaldera yake ni kama kilomita 12 kwa 8, yaani sentimita 6 kwa 4 kwenye kitambaa chetu. Paka umbo hilo kwa kahawia, shona kifungo katikati. Sote tunapaita kreta, lakini ni kaldera, kwa sababu kilele cha volkano kilididimia ndani baada ya kutapika kilichokuwa chini yake. Kifaransa nacho kina maneno mawili, *le cratère* na *la caldeira*. Andaa kadi zote mbili, uwaache wabishane ipi itundikwe.

Vifungo vingine vishonwe penye kila mji, kisiwa, mto na mlima. Kata kadi za manila, sentimita 8 kwa 4, toboa tundu juu, tundika kwenye kifungo. Kadi inatoka na kurudi, na hiyo ndiyo nguvu ya kifaa hiki.

Kwenye kadi tumia rangi mbili tu. Bluu kwa maneno ya kiume: *le lac, le golfe, le port, le volcan*. Nyekundu kwa maneno ya kike: *la rivière, la plaine, la forêt, la montagne, la ville*. Faida yake inaonekana hasa kwenye *l'île* na *l'escarpement*. Kile kialama cha *l'* kinaficha jinsia, lakini rangi inaitoboa siri: kisiwa ni nyekundu, mteremko ni bluu. Jaribu kalamu kwanza kwenye kipande cha manila, ipitishie kidole chenye unyevu. Mimi niliwahi kununua kalamu zilizoandikwa kwamba hazifutiki, nikaandika kadi 40 usiku kucha, na kwa wiki moja tu ya vidole vyenye jasho bluu na nyekundu zikawa zambarau. Niliumia sana.

Haya, tuingie kwenye kipindi chenyewe. Dakika 40.

Anza na sentensi mbili. *Kisumu est à l'ouest de Nakuru.* Kisha geuza: *Nakuru est à l'est de Kisumu.* Ziandike ubaoni na umwite mwanafunzi azungushie duara neno *est* kila linapotokea. Katika sentensi ya pili litatokea mara mbili. Maandishi ni yale yale, matamshi mbalimbali. La kwanza ni kitenzi, linatamkwa "e", au "et" likiungana na *à* inayofuata. La pili ni mashariki, na herufi zote zinasikika: "est". Usiharakishe hapa. Wasomeshe safu kwa safu, huku mmoja amesimama kwenye ramani akipeleka kidole upande wa kulia kila wanapofika kwenye mashariki. Kidole na ulimi vikienda pamoja, kosa hili halirudi. Na kumbuka, *sud* d yake inasikika, *nord* d yake imenyamaza.

Kuhusu r ya Kifaransa, msihangaike. Waambie watamke "lugha" na "ghali" sawasawa, kwa gh ya kooni, siyo "luga" na "gali". Sauti hiyo iko jirani kabisa na r ya *rivière*. Waliofunzwa Kiswahili vizuri tayari wanayo.

Sasa ondoa kadi zote za mito. Shika kadi mbili mkononi, *la rivière* na *le fleuve*. Sisi tuna neno moja, mto. Mfaransa wa darasani anatofautisha: *fleuve* ni mto unaomwaga maji baharini, *rivière* ni unaoishia kwenye mto mwingine au ziwani. Uliza: Nyando ni ipi? Watafuata uzi kwa kidole, wafike ziwani. *C'est une rivière.* Na Nzoia? Hivyo hivyo. Tana je, ambao haumo kwenye kitambaa? Unafika Bahari ya Hindi, basi *c'est un fleuve*. Kisha uwaulize Naili unatokea wapi. Kuna binti mmoja aliwahi kusimama akasema, "Madam, kwa hivyo maji ya Nyando yanaingia ziwani kama *rivière*, yanatoka Jinja kama *fleuve*, halafu yanafika Mediterania?" Nilimwambia arudie kwa sauti kila mtu asikie. Hiyo ni Jiografia imefunguliwa na neno la Kifaransa, na sikuwa nimeipanga.

Somo la nchi linaendelea nje ya kitambaa, kwenye ukuta wa kushoto. Bandika kadi za Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kifaransa ni lugha rasmi katika hizo tatu za mwisho, na malori yanayoelekea huko tunayaona kila siku Busia na Malaba. Tumia gari la kuchezea: *le camion va en Ouganda, au Rwanda, au Burundi, en République démocratique du Congo*. Nchi ya kiume ni *au*, ya kike ni *en*. Uganda ni ya kiume lakini inaanza na irabu, kwa hiyo inachukua *en*. Mji ni *à*: *à Kigali, à Goma*.

Umbali utaumaliza haraka. Vuta uzi Kisumu hadi Nakuru: sentimita 75 hivi, karibu kilomita 150. Kisha ulaze uzi ukifuata kona za barabara ya Kericho, uunyooshe, upime tena. Wataona wenyewe milima inavyorefusha safari.

Jambo la mwisho ni utunzaji. Usiikunje, rangi itapasuka kwenye mikunjo. Izungushe kwenye mti wa ufagio, uso ukiwa nje, uifunge kwa kamba na kuitundika juu, panya wanaupenda ule uji wa muhogo. Kadi ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko, bluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine. Vifungo vitakatika, hasa cha Kisumu, maana kila mtu anaanzia hapo. Mimi nimechomeka sindano yenye uzi kwenye upindo wa nyuma wa kitambaa, hapa kwenye kona, na anayekikata ndiye anayekishona kabla kengele haijalia.