Maiki Ndani ya Kiganja: Kumuenzi Little Walter kwa Pumzi

Habari za jioni, ndugu zangu. Wazee wangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Asanteni kwa kuja.

Nimekuja na kitu kimoja tu, hiki hapa mkononi. Mlio nyuma hamkioni, nami sishangai, kwa sababu ukikifumbata hivi hakionekani kabisa. Ni kinanda cha mdomo, harmonika. Urefu wake ni sentimita 10 hivi. Kina mashimo 10, na kila shimo lina ndimi mbili nyembamba za shaba: mmoja unalia ukipuliza, mwingine unalia ukivuta hewa. Jumla ndimi 20. Ukoo wake mnaujua, hata kama hamjawahi kukigusa. Kodiani ya taarab ni ndugu yake. Kinanda kinachochezewa mwomboko kule Murang'a na Nyeri nacho ni ndugu yake. Vyote vinalia kwa ulimi mwembamba unaotikiswa na hewa. Tofauti ni kwamba vile vina mivukuto, na hiki mvukuto wake ni kifua cha mtu.

Jioni hii nataka kuzungumzia namna mpiga harmonika anavyoenziwa baada ya kufa. Nitatumia mfano mmoja, maonyesho ya mwanamuziki wa California, Mark Hummel. Tangu mwaka 1991 amekuwa akiwakusanya wapiga harmonika wa bluzi na kuzunguka nao Marekani, mji hadi mji, bendi moja nyuma yao na wao wakipokezana mbele. Ziara moja kati ya hizo ilimkumbuka Little Walter, mpiga harmonika wa Chicago, ikazaa santuri iliyotoka mwaka 2013, iliyorekodiwa mbele ya watu huko San Diego. Jukwaani walikuwa watano: Hummel mwenyewe, Charlie Musselwhite, Billy Boy Arnold, James Harman na Sugar Ray Norcia. Nimeisikiliza santuri hiyo miaka sasa, na kila mara narudi kwenye swali lile lile: watu watano wanampigia marehemu mmoja, nyimbo ni zake, chombo ni kile kile, mbona hakuna hata wawili wanaofanana?

Ili nijibu, lazima kwanza nimweleze Walter mwenyewe.

Jina lake kamili ni Marion Walter Jacobs. Alizaliwa Marksville, Louisiana. Mwaka unaotajwa zaidi ni 1930. Alipofika umri wa miaka 12 hivi aliondoka nyumbani, akawa anapiga harmonika barabarani New Orleans, kisha Memphis, kisha Helena kule Arkansas. Helena alikuwapo Rice Miller, aliyejulikana kama Sonny Boy Williamson wa pili, ambaye tangu 1941 alikuwa akipiga harmonika redioni mchana wa siku za kazi. Kijana asiye na baba wa muziki alikaa karibu na mzee yule akamtazama. Katikati ya miaka ya 1940 akaingia Chicago, hata miaka 20 hajafikisha.

Chicago ya wakati ule ilikuwa imejaa watu weusi waliotoka Kusini mwa Marekani kutafuta kazi viwandani na machinjioni. Jumapili, soko la Maxwell Street lilifurika. Wauza nguo, wauza soseji, wahubiri, na wanamuziki waliovuta waya wa umeme kutoka madirishani mwa nyumba ili amplifaya zao ziwake. Hebu mfikirie mpiga harmonika pale. Gitaa lina umeme. Ngoma hazihitaji msaada. Yeye ana pumzi tu. Akipuliza kwa nguvu zaidi, ndimi zinachoka. Najua hilo vizuri. Harmonika yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imeshatumika, nikaipuliza kama tarumbeta, na baada ya miezi michache ulimi wa kuvuta wa shimo la 4 ukawa unalia chini ya sauti yake, kama mtu mwenye mafua. Ulimi wa shaba ukishachoka hauponi kwa kupumzishwa.

Suluhisho la Walter lilikuwa kuifumbata maiki pamoja na harmonika. Naomba mnisaidie. Kila mmoja ainue viganja vyake aviunganishe, kama anayechota maji ya kutawadha. Vizuri. Sasa vifunge kabisa, pasivuje hata tone. Katika uwazi huo mdogo Walter aliweka vitu viwili: harmonika upande wa mdomo, maiki upande wa pili. Maiki yenyewe haikuwa ya kifahari. Zilikuwa maiki za mkononi za bei nafuu, za aina iliyotumika kutangazia. Hewa yote na sauti yote inabanwa mle. Maiki inazidiwa, amplifaya ya vali nayo inazidiwa, na sauti inayotoka kwenye spika si ya harmonika tena. Ni nene, ina mkwaruzo, ina uzito wa saksofoni. Ukifungua kidole kimoja, inabadilika. Ukifungua kiganja kizima, inakimbia kama ndege aliyeachiwa.

Niseme haki ya wengine. Snooky Pryor, mpiga harmonika mwingine, alidai kwamba alianza kupitisha harmonika kwenye vipaza sauti mapema kuliko Walter, tangu alipokuwa jeshini, na sina sababu ya kumbishia. Wengi walipiga mbele ya maiki ili wasikike. Walter aliona jambo jingine: maiki si ya kukuza tu, ni sehemu ya chombo. Aliipiga maiki kama alivyopiga harmonika. Na masikio yake hayakuwa kwa wapiga harmonika peke yao. Alikuwa akizisikiliza saksofoni za bendi kama ya Louis Jordan, akizihamishia kwenye mashimo 10.

Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo siwezi kuliruka, maana bila hilo hamtaielewa bluzi ya harmonika. Kifaa hiki kilitengenezwa Ujerumani. Hohner walianza kazi mwaka 1857 katika mji wa Trossingen, na mwaka 1896 wakatoa aina ya Marine Band ambayo ndiyo ikawa kipenzi cha watu wa bluzi. Waliitengeneza kwa ajili ya nyimbo za kwao. Ukipuliza harmonika ya C unapata kodi ya C, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, safi, imepangika, unaweza kupiga wimbo wa watoto wa shule. Watu weusi wa Kusini wakaigeuza. Vuta hewa kwenye mashimo ya kwanza manne: D, G, B, D. Hiyo ni kodi ya G. Kwa hiyo ukiwa na harmonika ya C unapiga wimbo wa G, na kazi kubwa inafanyika wakati wa kuvuta, si wakati wa kupuliza. Halafu noti za kuvuta zina siri: ukirudisha ulimi wako nyuma na kubadilisha umbo la kinywa, sauti inapinda na kushuka. Kwenye shimo la 3 inaweza kushuka kutoka B hadi karibu kabisa na A, na hata chini yake kidogo. Zile sauti za katikati, zisizo na makao kwenye kinanda cha vidole, ndizo bluzi inazozililia. Chombo kilichotengenezwa kwa kupuliza kikapata roho yake katika kuvuta hewa ndani. Kila ninapoeleza hili najisikia furaha ile ile ya siku ya kwanza nilipoipata sauti hiyo ikipinda.

Basi, Walter akaingia bendi ya mwimbaji na mpiga gitaa Muddy Waters, yeye na Jimmy Rogers kwenye gitaa la pili. Tarehe 12 Mei 1952 walikuwa studio, kazi ya Muddy, na ukapatikana muda wa kurekodi kipande cha Walter kisicho na maneno. Kikaitwa "Juke". Kampuni ya Checker, tawi la kampuni ya santuri ya Chess, ikakitoa. Kikakaa namba 1 kwenye chati ya midundo na bluzi kwa wiki 8. Harmonika, bila mwimbaji! Bendi ilikuwa ziarani wimbo ulipoanza kusikika kila pahali, na Walter hakungoja ziara iishe. Alirudi Chicago, akachukua bendi ya mpiga harmonika mwenzake Junior Wells, ndugu wawili wa Myers na mpiga ngoma Fred Below, naye Junior Wells akaenda kuziba pengo lake kwa Muddy. Mwaka 1955 akashika namba 1 tena na "My Babe", utunzi wa Willie Dixon. Kati ya 1952 na 1958 nyimbo zake 14 ziliingia kumi bora. Studio aliendelea kumpigia Muddy hata baada ya kuondoka kwake, na kwangu mimi hapo ndipo alipo mkubwa kuliko kwenye vibao vyake. Sikilizeni anavyosubiri. Muddy anaimba mstari, yeye ananyamaza. Mstari unakwisha, anajibu kwa noti mbili, basi.

Kuhusu mwisho wake sitakaa sana. Pombe, ugomvi, mwili uliochakaa mapema. Tarehe 15 Februari 1968, baada ya kupigana mtaani, alilala na hakuamka. Alikuwa na miaka 37. Alizikwa kwenye makaburi ya St. Mary's, Evergreen Park, nje kidogo ya Chicago, na kaburi halikuwa na alama yoyote. Miaka 23! Santuri zake zikiuzwa, vijana wa Uingereza na Marekani wakijifunza kwake noti kwa noti, na pale alipolala pana majani tu. Jiwe liliwekwa mwaka 1991 na watu waliompenda kwa muziki wake. Jambo hili linaniuma na sioni sababu ya kulificha.

Mtaona kwamba 1991 ndio mwaka ule ule Hummel alipoanza maonyesho yake. Ni sadfa, sidai zaidi ya hapo. Lakini napenda kuviweka pamoja, jiwe na jukwaa.

Sasa turudi kwa wale watano. Billy Boy Arnold ni mzaliwa wa Chicago, 1935. Alipokuwa na miaka 12 aligonga mlango wa mpiga harmonika John Lee Williamson, yule Sonny Boy wa kwanza, akafundishwa kidogo muda mfupi tu kabla mwalimu wake hajauawa Juni 1948. Naye alimwona Walter kwa macho, wakiwa mji mmoja na kazi moja. Musselwhite, mtoto wa Mississippi aliyekulia Memphis, alifika Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana, naye akamkuta Walter bado anapiga vilabuni. Hummel alikuwa na miaka 12 tu Walter alipofariki. Yeye alimpata kwenye santuri.

Kwa hiyo jukwaani kuna aliyeiona mikono na kuna aliyeisikia tu. Aliyeiona mikono ana kumbukumbu ya mtu. Aliyesikia tu amelazimika kukisia: hapa alifungua kiganja au alirudisha ulimi? Hapa alivuta au alipuliza? Miaka na miaka ya kurudisha sindano mwanzo. Na ukiwasikiliza, Arnold hashindani na mtu, anapiga machache kama anayesimulia habari za jirani. Musselwhite anazunguka wimbo kwa njia zake, anapita mahali Walter hakupita. Hummel ana usahihi wa mwanafunzi aliyelisoma somo lake lote. Kila mmoja ana viganja vyake, mapafu yake, meno yake, na sauti inatengenezwa humo. Gitaa unaweza kumwachia mwenzako likalia karibu sawa. Uwazi ulio ndani ya kinywa cha mtu haurithiwi. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mwanzo, na ndiyo sababu naona aina hii ya maonyesho inamfaa Walter kuliko sanamu.

Kuna hatari, lakini. Ukiwaweka wapiga harmonika watano jukwaa moja, kishawishi cha kushindana ni kikubwa. Nani ana noti nyingi, nani ana pumzi ndefu. Watu wanashangilia kasi. Walter alikuwa na kasi akitaka, ila aliyemwelewa anajua kuacha nafasi. Katika santuri ile wanapofanikiwa zaidi ni pale mmoja anapomwachia mpiga gitaa, Little Charlie Baty, baa kadhaa nzima za wimbo na kusimama tu.

Santuri hiyo iliteuliwa kuwania Grammy ya bluzi ya mwaka 2014. Haikushinda. Iliyoshinda ni ile ya Ben Harper na huyo huyo Charlie Musselwhite. Kati ya zilizoteuliwa ilikuwamo pia ya James Cotton, aliyekuja kushika harmonika kwa Muddy Waters mwaka 1954, na ya Bobby Rush, ambaye naye hupiga harmonika. Kati ya tano zilizoteuliwa, nne zina mpiga harmonika. Miaka 46 baada ya lile kaburi lisilo na alama.

Nimesema vya kutosha, na nimewanyima kitu chenyewe. Viganja mnavyo bado? Vifungeni tena kama mwanzo. "Juke" ni wimbo wa dakika chache tu, haufiki hata tatu. Atakapoanza, kuna kifungu kifupi anachokirudiarudia kupanda juu. Mfuateni kwa mikono, fungueni mnapodhani anafungua, fungeni mnapodhani anafunga. Mtakosea, nami bado nakosea.

Haya, fundi wa sauti, tuwekee.