Matumizi ya "du coup" katika Kifaransa cha kila siku

Mabibi na mabwana, wanafunzi wapenzi,

Anayefika Paris au Lyon na Kifaransa cha darasani hutambua mapema kwamba wenyeji, hasa vijana, hawamalizi mazungumzo bila kusema "du coup" (takriban "kwa hiyo"), herufi ya p ikiwa kimya, ilhali vitabu vingi vya wanaoanza huupita usemi huu haraka.

Neno "coup" lenyewe ni pigo, na chimbuko lake ni neno la Kilatini "colaphus", yaani ngumi au kofi, ambalo nalo lilitoka Kigiriki. Kifaransa kimelizalisha mno: "coup de main" ni msaada, "coup d'œil" ni kutupa jicho, "coup de fil" ni kupiga simu, na "coup d'État" ni mapinduzi. Msemaji wa Kiswahili hana haki ya kushangaa, maana naye hupiga simu, hupiga pasi na hupiga mbizi bila kumwumiza mtu.

Kwa msingi huo, "du coup" hueleza tokeo linalofuata papo hapo baada ya jambo la ghafla: treni imefutwa, "du coup" nimepanda basi. Académie française, taasisi iliyoundwa mwaka 1635 kusimamia lugha hiyo, inaukubali usemi ukibaki katika mipaka hiyo, lakini mwaka 2014 ilionya kwamba usitumiwe kiholela badala ya "donc" (basi) au "par conséquent" (kwa hiyo), wala usigeuzwe kuwa kipambo cha mazungumzo.

Onyo hilo halikusikilizwa, na kwa maoni yangu lisingeweza kusikilizwa, kwa sababu mitaani usemi huu umekwisha kupewa kazi ambayo "donc" haiifanyi kwa wepesi ule ule. Mtu akikuuliza, "Du coup, on se voit où ?", hakuna sababu wala tokeo linalotajwa, anayakusanya yote mliyokwisha kuyasema na kukukabidhi zamu ya kuamua, kama sisi tunavyosema, "Sasa, tunakutana wapi?" Hata mgeni mliyetambulishwa punde anaweza kukuuliza, "Du coup, tu fais quoi dans la vie ?", yaani unafanya kazi gani, ingawa hakuna lolote lililotangulia swali hilo. Wakati mwingine husimama peke yake, "Du coup ?", kwa sauti ya kupanda, na hapo mwanafunzi anayetafuta sababu ya kueleza atapotea, kwani anachodaiwa ni uamuzi: unakuja au huji?

Québec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, mambo ni tofauti. Huko watu husema zaidi "faque", ufupisho wa "ça fait que", yaani kwa hiyo, na Mfaransa hujulikana upesi kwa wingi wa "du coup" zake.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni kuuchanganya usemi huu na "tout à coup", ambao maana yake ni ghafla tu, au na "sur le coup", yaani wakati ule ule jambo lilipotokea. Katika insha ya mtihani au barua ya kuomba kazi andikeni "donc", "de ce fait" (kwa sababu hiyo) au "par conséquent", kwa kuwa msahihishaji anayeuachilia usemi huu upite anapoongea na rafiki zake huenda akaupigia mstari mwekundu akiukuta kwenye karatasi yenu.