Besi au trebo? Pima hedifoni kabla hujatoa hela

Mambo vipi wanangu, tupo dukani Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kelele za nje mtanisamehe. Mezani nina mbili, hii nyeusi ya kufunika masikio na hii ndogo ya waya, leo tunataka kujua ipi besi, ile mivumo mizito ya chini, imezidi na ipi trebo, zile sauti nyembamba za juu, inachoma. Chomeka, weka wimbo, hayo unayajua.

Zima ikwalaiza, ile sehemu ya simu ya kupandisha na kushusha besi na trebo. Zima na Dolby Atmos, ile ya kunogesha sauti, kama simu yako inayo, usipozima utakuwa unapima simu sio hedifoni.

Sasa hapa ndo penyewe, acha kuchati. Zote mbili lazima zilie kwa ukubwa mmoja. Usiangalie mstari wa volyumu kwenye kioo, moja ukiiweka nusu inapiga kelele na nyingine nusu hiyohiyo inanong'ona. Na sikio lina tabia yake, inayolia zaidi hata kidogo tu linaiona ndo kali, na sauti ikiwa chini besi ndo inawahi kupotea, watafiti wawili, Fletcher na Munson, walishalipima hilo Marekani tangu 1933. Kwa hiyo unasawazisha kwa sauti ya mwimbaji. Mwimbaji! Sio besi, maana besi ndo tunayoipima. Msikilize huku, hamia huku, punguza, ongeza, mpaka zilingane. Wateja kibao wanaruka hapa halafu jioni naona boksi linarudi, "kaka hii haina besi".

Haya, navaa ya waya… subiri. Kushoto hamna besi kabisa. Dogo sogeza kamera, karibu zaidi, usitikise bwana. Mnaona? Kimpira hiki cha kuingia sikioni kimejikunja kwa ndani hapa ukingoni, kiupenyo hata kucha haiingii, na besi yote inavujia hapo. Nakikunjua, navuta sikio juu kidogo, nasukuma… aah, hiyo hapo. Ndo maana boksini wanaweka saizi kadhaa, jaribu zote. Hata hii kubwa, miwani ikiinua sponji mambo ni yaleyale.

Na kimpira kimekaa upya, kwa hiyo tunasawazisha tena. Tena! Kwa nani? Kwa mwimbaji.

Besi mi napimia dansi, lile gitaa la besi, kama unaweza kulifuata noti kwa noti, hiyo safi, kama ni mvumo tu "buuu" unaomfunika mwimbaji, imezidi. Trebo weka taarab, fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi, halafu sikiliza "s" za mwimbaji, zikikuchoma kama sindano hiyo hutamaliza nayo saa nzima. Singeli iache mwisho, ile kasi ngoma zikigandana ujue besi ni nzito inachelewa kukata. Badilisha harakaharaka, kipande kilekile cha wimbo, sikio linasahau upesi.

Mi binafsi napenda besi izidi kidogo, napanda daladala la Mbagala, mvumo wa injini unameza besi yote. Ukiwa unasikilizia chumbani chukua iliyotulia.

Kwa hizi mbili sasa, nyeusi besi inamkanyaga mwimbaji kidogo, ya waya imenyooka ila trebo iko juu kidogo. Bei nimeandika hapo chini, ukija njoo na simu yako na wimbo unaoujua mwenyewe, na masikio usafishe kwanza jamani, wengine wanajaribu baada yako.