Go go go kwenye stelingi ya Hiace

SUKA: Mwangaluka wana Mwanza, tupo tena, mimi suka wenu wa njia ya Buhongwa na huyu hapa fundi. Kaka, leo nina la moyoni. Hiace yangu ilianza kugonga mbele, go go go, kila nikipita vishimo vidogo, nikikata kona nayo vilevile, mpaka mikononi kwenye stelingi nalisikia. Nikaenda gereji moja, gari haijaguswa, jamaa kasikiliza tu akasema shokapu. Tukaweka mpya mbili, nikalipa, natoka getini tu, go go go.

FUNDI: Pole sana mdogo wangu, hiyo inaniuma kweli maana hela ile ni hesabu ya bosi ya siku kadhaa. Shokapu ikifa gari inanesa, ukivuka tuta inaendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, na mara nyingi unaikuta imelowa oili. Ila ile ya kugonga kavukavu kwenye mwendo mdogo mi naanza na linki za stabilaiza, vile vyuma vifupi vinavyoshika fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona, na bushi zake, yaani mipira yake.

SUKA: Sasa yangu ulivyoipata, wasimulie.

FUNDI: Jeki sikugusa. Matairi yote chini, mawe nyuma ya matairi, mawe Mwanza hayakosekani, nikakwambia tikisa stelingi kushoto kulia kidogokidogo usiikate mpaka mwisho. Mi nikalala chini nashika kiungo kimoja kimoja kwa vidole, tairodi endi, zile ncha za vyuma vinavyovuta matairi, kimya, raki, lile boksi la stelingi kule chini, kimya, linki kimya, nikashika ile jointi ya msalaba kwenye shafti inayotoka kwenye stelingi kushuka kwenye raki, aisee, ikanipiga kwenye kidole, tik, kabla hata sikio halijasikia.

SUKA: Na mimi nilikuwa naapa ni tairi la kulia!

FUNDI: Hiace ndo ilivyo, dereva umekaa juu ya tairi la mbele, kwa hiyo kila kitu unakisikia chini ya kiti. Sauti inatembea kwenye bodi. Kuna moja ilikuja inabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, mwenyewe anataka springi za nyuma zifumuliwe zote, kumbe ni tairi la spea pale chini nyuma limelegea linagonga bodi. Tulikaza, basi.

SUKA: Na ile ya kulia kwikwi kama kitanda cha chuma?

FUNDI: Bushi zimekauka. Mwagia maji bushi moja, tikisa gari, kama bado inalia nenda ya pili, itakayonyamaza ndo yenyewe. Ila jamani msizimwagie oili chafu ya injini, inaharibu mpira. Nyuma angalia na yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi. Na kama gari imesimama ukikata stelingi inaguna, na stelingi yako ni ya pampu ya oili, cheki oili ya stelingi kwanza, imepungua au ina povu.

SUKA: Ipi ambayo mtu asitembee nayo kabisa?

FUNDI: Boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshikilia tairi la mbele. Hapo naomba mnisikilize. Ikichomoka tairi linalala na stelingi haikusaidii kitu, sasa fikiria uko na abiria unashuka kilima cha Bugando. Inua mbele, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, mchezo ukiisha hapo ni beringi, usipoisha ingiza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua, mwingine amulike tochi pale kwenye boljointi. Ukiona inapanda na kushuka, gari hiyo isitoke, hata kama konda ameshajaza.

SUKA: Halafu kwenye yangu, ile rangi uliyopaka kwenye shafti ya stelingi kabla hujaifungua kushughulikia ile jointi?

FUNDI: Alama ile, nirudishie meno ya shafti palepale, bila hivyo unaendesha barabara imenyooka na usukani umelala upande. Ndo maana nilikukataza hata kugusa usukani shafti ikiwa nje.

SUKA: Jana nimetoka Buhongwa mpaka mjini redio nimezima, namsikia konda tu anaita Mkolani, Nyegezi, Butimba.

FUNDI: Safi. Ijumaa usipakie kwanza, pitia hapa niikaze tena ile bolti ya jointi.