Nguvu ya Breki za Tela Hupimwa Barabarani

Ndugu wasikilizaji, kidhibiti cha breki za umeme, ambacho madereva wa Marekani na Kanada huwa nacho kwenye dashibodi ya pikapu, hakieleweki mpaka tujue kinachotendeka ndani ya gurudumu la tela. Dereva anapokanyaga breki, kidhibiti hupeleka umeme kwenye sumaku iliyomo ndani ya drumu, yaani bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Sumaku hunata kwenye uso wa drumu inayozunguka, huburutwa nayo, na mkono ulioishika husukuma breki shuu, yaani vipande vinavyosugua drumu, zikabana. Umeme ukiongezeka, sumaku hunata zaidi.

Katika pikapu ya Ford F-150 yenye kidhibiti cha kiwandani, nguvu ya umeme huo huwekwa kati ya 0 na 10, kwa hatua za nusu. Ninaulizwa mara kwa mara namba ipi ndiyo sahihi, nami husisitiza kwamba namba ya jirani haikufai, kwa kuwa hali ya breki zake na uzito wa shehena yake si sawa na vyako.

Tafuta barabara tambarare, kavu, isiyo na magari, na breki ziwe zimeshapata joto kidogo. Endesha kwa takriban kilomita 32 kwa saa, kisha, bila kugusa pedali, bana mpaka mwisho wenzo wa mkono ulio kwenye kidhibiti, ambao huamrisha breki za tela peke yake. Magurudumu ya tela yakigoma kuzunguka na kuburuzika, punguza. Tela likizembea, ongeza. Urudie mpaka upate kiwango kilicho chini kidogo tu ya kile cha kugoma. Wapo wanaoogopa kuburuzika kiasi cha kuacha namba chini mno, na hilo linanisikitisha, maana kwenye mteremko mrefu breki za pikapu hubeba sehemu kubwa mno ya mzigo, zikapata moto na kupoteza nguvu.

Ukipakua shehena, au mvua ikinyesha, pima upya: kiwango kilichofaa tela lililojaa huyafunga magurudumu ya tela tupu, nalo likaanza kuteleza upande.

Ikiwa umefika 10 na tela bado halishiki, usikilaumu kidhibiti kwanza. Kagua plagi ya pini saba inayounganisha umeme wa pikapu na tela, waya wa ardhi ulioshika kutu, sumaku zilizolika, na nafasi kati ya breki shuu na drumu.