Uzamili wa Mifumo ya Taarifa: Nawajibu Wote kwa Pamoja

Haya jamani, karibuni. Kila nikifungua komenti swali ni lile lile: "Kusomea usimamizi wa mifumo ya taarifa lazima nijue kuandika programu?" Najua nikijibu, kuna atakayesema najidai kwa kuwa naisomea nje ya nchi. Nikigusia ugumu, mwingine ataniambia nirudi nyumbani basi. Semeni tu.

Si lazima. Kozi hii mara nyingi iko kitivo cha biashara. SQL, ile lugha ya kuulizia taarifa kwenye kanzidata (hifadhi ya data ya kompyuta), utaigusa, utachora kazi inavyotoka meza hii kwenda ile, lakini sehemu kubwa ni watu: nani aamue mfumo upi ununuliwe, nani aulizwe ukigoma. Mwaka 2010 idara ya afya ya jimbo la Queensland, Australia, iliwasha mfumo mpya wa mishahara. Wafanyakazi wengine wakalipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakupata kitu. Tume iliyochunguza ikatoa ripoti 2013, na moja ya mambo iliyoyaona ni kwamba mahitaji hayakuainishwa sawasawa tangu mwanzo. Yaani waliukimbilia mfumo kabla hawajakubaliana ufanye nini. Insha zetu ndizo hizo, mpaka usiku wa manane.

Kwa hiyo nyie ndugu zangu mnaonitumia picha za simu zilizozima, mimi sijasomea ufundi simu! Nikisema sijui mnanuna, eti nimebadilika.

Tuje kwenye hela. Ada ya maombi kwa kawaida hairudi, ukikataliwa ndiyo imekwenda. Kozi za biashara huwa ghali, na ufadhili ni mgumu kwa sababu nyingi ni za darasani, hazina utafiti wa kumfanya profesa akutafutie fungu. Halafu viza: nchi nyingi zinataka zione una pesa za kujikimu, na nyingine zinataka ziwe zimekaa kwenye akaunti kwa muda fulani. Ile ya kuazima leo ukachapisha taarifa ya benki kesho ukairudisha, wataiona.

Transkripti, ile karatasi rasmi ya matokeo ya chuo, ndiyo ilinitoa jasho. Chuo nilichosoma shahada ya kwanza kilikuwa na mfumo mpya kabisa wa kumbukumbu, lakini wakanijibu anayeshughulikia yuko likizo na funguo za kabati anazo yeye. Kabati! Fred Davis, mtafiti wa mifumo ya taarifa, aliandika tangu 1989 kwamba mtu huukubali mfumo akiona unamsaidia na haumsumbui. Pale hawakuona hata kimoja, wakarudi kwenye mafaili. Nadhani hapo ndipo niliposhawishika kuisoma hii kozi.

Haya ni yangu mimi, usiuze kitu kwa sababu ya video yangu. Wewe wa sheria, wewe muuguzi, unaweza kupokelewa, ila soma masharti ya chuo chenyewe: vingine vitakudai masomo ya awali ya takwimu au kanzidata, na huenda ukayalipia kando. Za viza ya wenza msiniulize, kila nchi na lake.